Mwaka Arne Alipoanza Kupenda Mandhari

Mliponiaga mlinipa spana iliyopakwa rangi ya dhahabu na kubandikwa kwenye ubao, spana isiyoweza kulegeza hata nati moja. Nashukuru. Nimeitundika sebuleni kwetu Woodbury, na mjukuu wangu mdogo ameniuliza kwa Kiingereza kama ni kijiko. Halafu mkaniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya karakana, hasa zile safari za Italia, kwa sababu nyinyi mtakaoziongoza sasa hamkuwapo zilipoanza. Haya, nimekaa kitako. Naandika kwa Kiswahili, lugha ambayo nyote wanne mnaielewa vizuri sana biriani ikitajwa. Mtasoma polepole, na mtasaidiana.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo tulikuwa navyo viwili tu, aliye karibu na hita na aliye karibu na mlango, na mshahara mnaujua wenyewe.

Mimi nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, kwa baba aliyetengeneza cherehani zilizoharibika. Hakushona hata kifungo. Kazi yake ilikuwa mashine zenyewe, na mimi nilikua nikizisikia zikikohoa kabla sijajua kusoma. Nilipokuja huku Minnesota nilianzia Bloomington, hotelini, chumba cha kufulia, nikikunja mashuka ya watu waliokuja kununua viatu kwenye yale maduka makubwa. Sikuwa na leseni ya gari, na basi la asubuhi lilikuwa na tabia ya kunipita huku dereva akinipungia mkono. Nikajinunulia baiskeli kuukuu. Siku cheni ilipokatika nilikuwa Minneapolis, karibu na mto, nikaingia duka la kwanza nililoona baiskeli dirishani. Ndiyo hii karakana yenu.

Mwenye duka, Karin, alikuwa anazungumza na simu. Nyuma ya kaunta alisimama mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa aproni, akilitazama gurudumu kana kwamba limemkosea adabu. Wakati ule hakuwa mzee, ila alikwisha anza kujizoeza. Huyo ndiye Arne. Nilimwonyesha cheni yangu, naye akanisukumia kifaa cha kuungia cheni, akaenda zake kunywa kahawa. Ilikuwa saa yake ya mapumziko, na Arne hakuwahi kuivunja kwa ajili ya mtu yeyote. Nikaiunga mwenyewe. Cheni ni mashine ndogo kama nyingine, ukiitazama vizuri inakuambia ilipovunjika. Aliporudi akazungusha pedali, akaweka sikio, akasema, "Si mbaya sana."

Kwetu maneno hayo husemewa mchuzi unaoanza kuchacha. Niliondoka nimenuna, nikanuna mpaka Bloomington. Baada ya siku chache nilirudi kununua mafuta ya cheni, Karin akanikimbilia mlangoni. "Wewe ndiye yule? Arne amekusema vizuri mno! Ulimfanyia nini?" Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na ndivyo nilivyojifunza kwamba katika jimbo hili "si mbaya sana" ni sifa ambayo wengine hufa hawajaipata.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli za changarawe, hizi zenye usukani uliopinda kama za mashindano lakini zenye matairi mapana, za kwendea barabara zisizo na lami. Niliambiwa nizijaze upepo. Sasa kwetu tairi zuri ni tairi gumu. Mwenye baiskeli hulipiga konzi, likilia kama ngoma anakushukuru na kuondoka. Nikapiga pampu mpaka ushungi ukalowa jasho. Nilipomaliza, Arne akaanza upande wa kwanza, akabonyeza kila tairi kwa kidole gumba, akatoa upepo, akaenda linalofuata. Asubuhi nzima nilisikia fsss, fsss. Nilikasirika. Nilidhani ni choyo, au ni ushungi wangu umemsumbua.

Baada ya chakula cha mchana alipakia baiskeli mbili kwenye gari, tukaenda kusini mwa mji, kwenye zile barabara za changarawe zinazopita katikati ya mahindi. Kwenda alinipa baiskeli niliyoijaza mimi, moja aliyokuwa ameibakiza bila kuigusa. Kurudi akanipa aliyoipunguza yeye. Meno yangu yalielewa somo kabla yangu. Tairi gumu kwenye changarawe linarukaruka na kukutupa. Tairi lililobonyea kidogo linashika njia. Tulipofika garini aliniuliza kwa nyusi tu, nami nikamjibu kwa nyusi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi kwa lugha hiyo.

Vifaa sitawachosha navyo, mnavyo vingi kuliko akili. Ila kile kibisibisi chembamba kilichomo kwenye droo yangu ya juu msikitupe. Ni cha baba, cha cherehani, na hakuna kitu kingine duniani kinachoingia kwenye giya za nyuma na kutoa uchafu wa chumvi ya barabarani wakati wa baridi. Nimekiacha kwa makusudi. Atakayekipoteza nitamjua, na nitakuja na basi.

Safari za Italia zilikuwa wazo la Karin. Alikwenda likizo Toskana, kwenye vilima vya mizabibu, akarudi na picha za barabara nyeupe za changarawe zinazopanda na kushuka baina ya mashamba, akasema wateja wetu watazipenda. Tukaanza kupeleka kikundi kila mwaka wakati wa kuvuna zabibu. Arne aliongoza mbele. Mimi nilikuwa mkia, yaani mtu anayekuwa nyuma ya wote, mwenye tyubu, viraka, pampu na maneno ya kuwatuliza watu. Mkia hampiti mtu. Hata mteja akienda mwendo wa kobe mwenye mawazo, wewe uko nyuma yake, unatazama mgongo wake na kusifu hali ya hewa. Kazi hiyo niliifanya miaka yote, na migongo ya watu wa Minnesota naijua kuliko nyuso zao.

Wateja wetu walikuwa wanafanya mazoezi majira yote ya joto. Wanazunguka maziwa, wanafuata mto mpaka Saint Paul na kurudi, wanajipongeza. Nawapenda sana, lakini nchi yao imenyooka kama meza ya kupigia pasi. Siku ya kwanza Toskana walikuwa wanacheka. Kilima cha kwanza wakaendelea kucheka. Tatizo la vilima vile hata si urefu wake. Ukimaliza kimoja unashuka chote ulichopanda, kisha kinakuja kingine, na juu ya kila kimoja kuna mtu anataka uonje mvinyo. Kufikia alasiri watu wazima wenye shahada walikuwa wanauliza kwa nini barabara haikujengwa bondeni.

Juu ya mvinyo mliniuliza, na jibu ni hapana, sikuonja. Mimi kwa dini, Arne kwa kahawa. Tulikaa wawili nje ya kila pishi la mvinyo la Toskana, tunakaza spoki, huku wenzetu ndani wanazungusha glasi, wananusa, wanasukutua na kutema kwenye ndoo, na wanalipia. Zabibu zenyewe nilikula sana, wavunaji walinipa. Na kwa njaa ya njiani nilikuwa na mahamri. Nilikuwa naomba ruhusa kwa mama mwenye nyumba tunayolala, nakanda unga jioni, nachoma asubuhi, natia kwenye mkoba wa baiskeli. Vile vijipakiti vya uji mtamu wanavyofyonza waendesha baiskeli viliozea mifukoni.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Mtu wa Minnesota ukimpa kitu anakataa. Ukimpa tena anakataa, anashukuru. Mara ya tatu ndipo anapokubali, tena kipande kidogo tu, ili asikusumbue. Wageni wanashangaa, mimi nilijiona nimefika nyumbani. Kwetu nani anapokea sahani mara ya kwanza? Basi mkia mzuri anauliza mara tatu. Umechoka? Hapana. Umechoka? Niko sawa. Umechoka? "Labda kidogo." Huyo yuko karibu kuzimia, mteremshe.

Arne alikuwa na sheria moja ya safari, na aliitunga mwenyewe. Mtu akiteremka na kusukuma baiskeli kilimani siku mbili mfululizo, siku ya tatu anapanda gari. Hakuna majadiliano. Mkia ndiye anayeona, na mkia ndiye anayesema, asubuhi wakati wa chai, kabla mtu hajavaa viatu. Sheria haikuwa ya kumdhalilisha mtu. Aliyesukuma jana kwa uchovu, leo atapanda kwa hasira, na mwenye hasira hakumbuki breki kwenye mteremko. Niliwaambia madaktari, nikamwambia jaji mmoja na mwanamke aliyewahi kuvuka jangwa kwa miguu. Wote walipanda gari, kwa sababu Arne alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

Gari lilikuwa la Mutua, ambaye baadhi yenu mnamkumbuka. Mtu wa Machakos, kifua kipana, mcheshi. Zamani alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini Saint Paul mpaka akasema amechoka kusukuma, sasa anataka kuendesha. Alibeba mizigo yetu, maji, magurudumu ya akiba na wale waliopatikana na sheria, na aliwachezea muziki wa kwao mpaka wengine wakawa wanatamani kuchoka.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe.

Kabla ya kuondoka, Karin aliniita nyuma ya duka, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniambia ana wasiwasi na Arne. Amepita miaka sabini, goti lake moja limeanza kumsaliti, pumzi imepungua, naye ndiye anayetangulia peke yake kwenye kona na miteremko, akianguka hakuna wa kumwona. "Wewe unamjua," akasema. "Mtazame. Ukirudi uniambie kama ataendelea kuongoza au hataendelea. Nitafuata neno lako." Nilitoka mle moyo umenizama. Arne hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na chumba juu ya duka la mikate, mashine ya kahawa, na ile safari moja kwa mwaka. Ukimtoa mbele ya msafara sikujua umemwachia nini.

Tulipofika Toskana, siku ya kwanza nilianza kuona ajabu. Arne alianza kupenda mandhari.

Mjue kwamba huyu mtu alikuwa amepita kwenye vilima vile mwaka baada ya mwaka bila kuinua macho. Ukimwonyesha jua linazama juu ya mashamba, alikuwa anakuambia cheni yako inapiga kelele. Mwaka ule, katikati ya kila mpando, alikuwa anasimama, anashuka, anaegemea baiskeli, anatazama mizabibu kwa utulivu mkubwa. "Pazuri hapa," anasema. Wateja nao, kwa adabu, wanasimama kutazama. Kisha anaisukuma baiskeli hatua kadhaa kabla ya kuipanda, na baadaye kidogo anasimama tena, pazuri tena. Hata kwenye banda la trekta alisimama akalisifu. Na ubaya wa Toskana ni kwamba huwezi kumwambia mtu hatazami mandhari, kwa sababu yapo kila upande.

Siku ya pili aliongoza kichwa kimeinama, akipigania pumzi, akapita njia panda yetu bila kuiona. Wote tukamfuata kwenye mteremko mrefu wa changarawe mpaka uani kwa mkulima, kwenye mbwa na mapipa. Arne akatazama huku na huku, akawaambia wateja, "Nilitaka muone hili." Wakaliona. Walipiga hata picha mapipa. Kisha tukapanda mteremko wote ule kurudi, na yeye akaupanda kwa miguu, anasukuma, mkono mmoja gotini. Nilikuwa nyuma kabisa. Sijui kama alijua ninatazama, lakini nilitazama, na niliumia.

Jioni Mutua alinikuta naosha baiskeli kwenye bomba.

"Mama, huyu mzee ame-struggle vibaya leo. Nilikuwa nime-park pale juu, nikamwona. Siku mbili sasa. Si umwambie tu kesho aingie kwa van?"

"Mimi? Nimwambie Arne?"

"Si wewe ndio mkia? Rule ni rule, Mama. Judge mwenyewe uliambia."

"Jaji hakunifundisha kazi, Mutua."

Akaniangalia. Naye ni Mkenya, alielewa. Lakini pwani kwetu tumezidi. Kwetu neno zito kwa mtu unayemheshimu haliendi kwa miguu yako mwenyewe, linatumwa. Ukitaka kuoa unatuma mshenga. Ukikosana na mkweo unatuma mtu wa makamo mwenye kauli nzuri. Nikamtazama Mutua juu mpaka chini, nikaona hakuna mwingine.

"Utakwenda wewe," nikamwambia. "Usimwambie moja kwa moja. Mzungukie. Anza na salamu, muulize hali, mwambie gari ni kitu kizuri, kazi ina zamu zake, mtu akichoka hakuna aibu. Atafahamu mwenyewe."

"Mama, hawa wazungu hawazungukiwi. Wao ni straight."

"Huyu si mzungu wa kwenye filamu. Huyu ni wa Minnesota. Nenda."

Alimfuata Arne barazani baada ya chakula. Mimi nilibaki jikoni nikikanda unga ambao haukuhitaji kukandwa tena. Kupitia dirishani niliwaona vichwa vyao vimekaribiana, Mutua anaeleza kwa mikono, Arne anaitikia polepole. Walikaa muda mrefu. Mwishowe nikamwona Arne anaweka mkono wake kwenye bega la Mutua, jambo ambalo sijawahi kuliona akimfanyia binadamu. Machozi yakanilengalenga. Nikasema, hawa wamesikilizana.

Mutua akaingia jikoni anafuta uso.

"Imeenda poa. Kesho Arne ana-drive."

"Alhamdulillahi! Mwanangu, umenitua mzigo. Amesemaje?"

"Hapo sasa ndio kuna ka-problem."

Akavuta kiti, akakaa kwa taabu, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Nimefanya vile umesema. Nimemsalimia, nimeuliza kwao. Nimemwambia job ina season. Nimemwambia mtu anaweza feel amechoka na aone haya kusema. Nimemwambia hata mgongo, unajua, inafika mahali inasema basi. Yeye anaitikia tu, yes, yes. Halafu ananishika hapa." Akagusa bega. "Ananiambia, 'Mutua, ungesema mapema. Siku nzima peke yako kwenye gari, unawatazama wenzako wanafurahi. Mgongo lazima uume. Kesho naendesha mimi. Wewe utapanda baiskeli.'"

Nikaacha unga. "Nawe ukamwambia nini?"

"Nimemwambia thank you. Ningesema nini, Mama? Amenishika bega!"

Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuona kuna nini. Mutua hakucheka. Alikuwa hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi.

Asubuhi wakati wa chai Arne ndiye aliyesimama kusema. Aliwatangazia wateja kwamba dereva wetu amechoka na gari, leo tunampumzisha. Wateja wakampigia Mutua makofi. Mutua alikuwa amesimama mlangoni ndani ya kaptura ya kubana aliyoazimwa na daktari wa meno, ameshika kofia ngumu mbele yake kwa ajili ya heshima. Arne akamtolea baiskeli ya akiba, akamrekebishia kila kitu, akabonyeza matairi kwa kidole. Halafu akanigeukia mimi, bila kunitazama usoni. "Basi mbele utakuwa wewe," akasema, akaingia garini. Mkia hatukuhitaji kumteua. Mutua aliupata mwenyewe kabla hatujatoka kijijini.

Nilisubiri kwenye bomba la maji la kwanza mpaka akafika. Kumtazama tu kulitia huruma.

"Mama, mimi naingia kwa van. Hii kiti imenimaliza."

"Sikiliza. Ukiingia wewe kwenye gari, nani atapanda baiskeli?"

Akafikiri. Gari lilikuwa linakuja nyuma yetu taratibu, Arne ameshika usukani kwa mikono miwili.

"So mimi ndio sacrifice?"

"Wewe ndiye mshenga. Ujumbe haujafika bado."

Alinitazama, akamtazama mzee, akatikisa kichwa. Kisha mtu yule akapanda tena, na nawaambieni, hakushuka. Alijikaza kisabuni. Alipanda kwa pembe, kutoka ukingo mmoja wa barabara mpaka wa pili, anaomba Mungu kwa Kikamba. Wateja waliokuwa wakilalamika juzi waliona haya kulalamika mbele yake. Alasiri kila kikombe cha mvinyo kilinyanyuliwa kwa jina lake, naye alikuwa amelala chini ya mzeituni na hakujua.

Siku iliyofuata ilikuwa na kilima kibaya kuliko vyote, mpando mweupe unaopita katikati ya mizabibu mpaka kwenye geti la kijiji, na changarawe yake haikushikana, ukisimama juu ya pedali gurudumu la nyuma linateleza. Nilitangulia. Sikuwa nimezoea kuwa na barabara tupu mbele yangu. Miaka yote nilikuwa na mgongo wa mtu wa kuutazama. Niliogopa kona, nikaziita kwa sauti ili walio nyuma wazisikie, nikachagua mstari mgumu wa changarawe pembeni, na nilipogeuka nikawaona wote wananifuata kwenye mstari uleule. Nakiri nilifurahi. Nilifurahi na moyo ukanichoma palepale, kwa sababu mahali pale palikuwa pa mtu.

Tulifika juu tukamsubiri Mutua. Wavunaji waliacha vikapu wakasogea barabarani. Alionekana chini kwenye kona, mweupe kama unga kwa vumbi la barabara, gari likimfuata nyuma kwa hatua chache. Wavunaji wakaanza kupiga makofi kwa kufuata pedali zake, polepole, kwa kuwa zilikuwa polepole. Alipofika getini hakuweza kushuka. Ilibidi wawili wamshike na wa tatu atoe baiskeli chini yake.

Nilipomwona vile nilijionea haya. Mtu mzima anabeba kwa miguu yake maneno ambayo mimi nilishindwa kuyabeba kwa mdomo. Nikapiga moyo konde, nikaenda garini. Arne alikuwa bado nyuma ya usukani, dirisha wazi, anajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake.

"Arne," nikasema, "umechoka."

"Si vibaya sana."

"Umechoka. Juzi umesukuma, na siku ya kabla yake umesukuma. Sheria ni yako. Sitaki uongoze tena, naogopa utaanguka mahali nisipokuona, na mimi sitaweza kuivumilia hiyo. Nitamwambia Karin hivyo hivyo. Nimekwambia wewe kwanza."

Sikuwahi kusema naye maneno mengi hivyo kwa mara moja. Alikunywa kahawa yake, akafunga chupa.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu juzi. Mutua ni mtu mwema, lakini hawezi kudanganya. Alikuwa ananieleza mgongo wake unavyouma huku ameshika goti langu."

"Ulijua, ukamwacha apande vilima vyote hivi?"

"Anahitaji mazoezi."

Nikataka kucheka na kulia pamoja, nikashindwa kuchagua. Nilidhani atakasirika, au ataniuliza sasa yeye atafanya nini. Nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alifungua mlango, akateremka kwa kutanguliza mguu mzima, akapapasa mfuko wa aproni, maana hata Toskana, hata garini, alikuwa ndani ya aproni yake. Akatoa spana ndogo iliyopinda, aliyotembea nayo siku zote. Akaichukua baiskeli yangu ukutani, akalegeza skrubu ya kiti, akakivuta juu kiasi cha upana wa kidole, akakaza.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Mguu ukanyooka. Nikazungusha pedali kinyumenyume, na nyonga yangu, ile iliyokuwa ikiniuma tangu safari ya kwanza na ambayo nilikuwa nikiisingizia baridi ya Minneapolis, ikatulia.

"Kilikuwa chini," akasema. "Chini sana."

"Miaka yote hii, Arne! Kwa nini hukuniambia?"

Alifuta spana kwa aproni, akairudisha mfukoni.

"Ningekionaje?" akasema. "Nilikuwa mbele."

Kisha akarudi garini, akawasha, akanipungia mkono nitangulie.